Maadui wa Funza Waharibuo Majani
Uwanja wa majani ukianza kukauka kwa mabaka hali ardhi ina maji, mwenyewe na ayashike majani hayo, ayavute. Yakiinuka kama mkeka ukunjwao, basi mizizi imekwisha liwa, na chini yake atawakuta funza weupe waliojikunja kama ndoana. Hao ni watoto wa mbawakawa.

Mbawakawa mmoja mashuhuri ni yule wa Japani, mwenye rangi ya kijani king'aacho na mabawa ya shaba. Mwaka 1916 alionekana Marekani karibu na Riverton, New Jersey. Kwao Japani madhara yake yalikuwa madogo, maana maadui wake wapo. Lakini ugenini alifika peke yake, akazaana apendavyo. Wataalamu wakafanya shauri la kuwafuata maadui hao Asia.

Mmoja wao ni nyigu mweusi aitwaye Tiphia. Jike huchimba udongo, humchoma funza kwa mwiba, kisha hutaga yai juu ya mwili wake, na mtoto atokaye humla funza huyo. Anyunyizaye sumu ovyo humwua na rafiki huyu.

Adui mwingine ni ugonjwa wa maziwa, uliotambuliwa New Jersey mwaka 1933, ambao hufanya damu ya funza kuwa nyeupe. Afapo, mbegu nyingi mno za ugonjwa hubaki udongoni kuwangojea wengine. Tangu 1939 Serikali ya Marekani ilieneza unga wake mahali pengi. Hata hivyo majaribio ya miaka ya karibuni hayakuleta faida iliyotumainiwa, tena unga huo hauwadhuru funza wa mbawakawa wa aina nyingine. Basi mnunuzi asiamini kila sifa za mwuza duka.

Walio bora zaidi ni minyoo wadogo mno, wasioonekana vema kwa macho. Aina moja iligunduliwa mwaka 1929 katika uwanja wa gofu huko New Jersey; itumiwayo sana leo huitwa Heterorhabditis bacteriophora. Mnyoo huingia mwilini mwa funza na kutoa bakteria, naye funza hufa kwa muda wa siku 2 hivi, akageuka mwekundu kama tofali.

Lakini minyoo hawa ni viumbe hai, na wengi huwaua kwa uzembe, kisha hulaumu dawa. Jua huwaua, na ukavu pia. Wawekwe mahali pa baridi, watumiwe upesi, wamwagwe jioni juu ya ardhi iliyokwisha loweshwa, kisha maji yaongezwe mara moja ili washuke mizizini. Huko Marekani wakati ufaao ni Agosti na Septemba, funza wakiwa wangali wadogo na karibu na uso wa ardhi.