Ukimfumia mgonjwa wa kisukari soksi, fuma hivi

KILA baridi ya Juni na Julai inapoingia, wapo wakazi wa Nairobi, Nakuru na Eldoret wanaotoa sindano za kufumia kabatini na kuanza soksi za mama, za baba au za nyanya huko nyumbani. Ni zawadi njema. Lakini ikiwa mzee huyo ana ugonjwa wa kisukari, yafaa ujue kwamba soksi iliyofumwa ovyo yaweza kumtia kidonda, na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari si jambo dogo. Wengi waliokatwa mguu kwa sababu ya maradhi haya walianza na kidonda ambacho hakuna aliyekijali.

Sababu ni hii. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, hasa ile mirefu inayofika miguuni, na mguu ukaingia ganzi. Wewe ukivaa soksi yenye fundo chini ya kidole utakereka baada ya hatua kumi, uvue kiatu uirekebishe. Mwenye ganzi atalikanyaga fundo hilo kutwa nzima, toka stendi ya matatu hadi sokoni na kurudi, na jioni ndipo atakapoona damu. Isitoshe, kisukari huziba mishipa ya damu, kwa hiyo kidonda hukawia kupona na viini hupata nafasi ya kuingia. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa watu wenye kisukari duniani walikuwa milioni 200 mwaka wa 1990 na wakafikia milioni 830 mwaka wa 2022. Basi huenda yupo mmoja katika ukoo wako.

Kabla ya kufika kwenye soksi yenyewe, neno kidogo juu yako wewe mfumaji. Kufuma hutuliza. Mwaka wa 2013 jarida moja la Uingereza la tiba ya shughuli za mikono lilichapisha uchunguzi uliowahoji wafumaji zaidi ya 3,500 wa nchi mbalimbali, na wale waliofuma mara nyingi ndio waliosema wametulia na kufurahi zaidi. Waliojibu walijitolea wenyewe, kwa hiyo usiuchukue uchunguzi huo kama dawa ya msongo wa mawazo. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kufuma jioni baada ya foleni ya magari ya Thika Road anaelewa walichokuwa wakisema.

Mkono nao una haki yake. Fuma kwa dakika 20 au 30, kisha weka kazi chini, nyosha vidole, zungusha viwiko na mabega. Keti penye mwanga wa kutosha na mgongo ukiwa umeegemea kiti. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vikianza kufa ganzi, hasa usiku, ni dalili kwamba mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono unabanwa. Pumzisha mkono kwa siku kadhaa, na hali ikiendelea nenda ukapimwe. Wajawazito na wenye kisukari hupatwa na tatizo hili zaidi ya watu wengine.

Uzi na kipimo

Uzi unaopatikana kwa urahisi katika maduka ya mjini ni ule wa akriliki. Ni rahisi, una rangi za kupendeza, lakini haunyonyi jasho vizuri, na mguu uliolowa huchubuka upesi. Kwa mzee anayeishi Limuru au Nyahururu, afadhali sufu laini iliyochanganywa na nailoni, robo hivi, ili isitoboke haraka. Kwa mzee wa Mombasa au Malindi, tafuta uzi wa pamba uliochanganywa na nyuzi zinazovutika kidogo. Chagua uzi mwembamba. Chagua pia rangi nyeupe au ya maziwa hata kama mzee apenda nyeusi, kwa sababu damu au usaha huonekana mara moja juu ya nyeupe, na pengine doa hilo ndilo litakalompa habari ambayo mguu wake hauwezi kumpa.

Utahitaji sindano tano fupi zenye ncha pande zote mbili, za unene wa milimita 2.5 hivi. Wapo waliojifunzia kazi hii shuleni kwa spoki za baiskeli, na spoki hufuma vizuri tu, ila ziteleze na zisiwe na kutu. Sindano za mwanzi ni nyepesi zaidi kwa mkono unaouma.

Usikisie kipimo. Chukua tepu ya fundi cherehani, mzungushie mzee mguuni pale penye upana mkubwa, nyuma kidogo ya vidole. Mpime jioni, maana mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Kisha fuma kipande kidogo cha majaribio na uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10. Tuseme mguu ni sentimita 23 na kipande chako kina vitanzi 28 kwa sentimita 10. Kila sentimita ina vitanzi 2.8, zidisha kwa 23, utapata 64 na kidogo. Anza na 64.

Wafumaji wazoefu watapinga hapa. Mazoea yao ni kupunguza soksi kwa asilimia 10 kuliko mguu ili ishike, na kwa mguu wenye afya wana haki. Kwa mguu wa kisukari usipunguze. Afadhali soksi iliyolegea kidogo juu kuliko inayobana, mradi isilegee hadi ikajikunja ndani ya kiatu, kwani mkunjo nao huchubua.

Kazi yenyewe

Anzisha vitanzi vyako 64 juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, kisha uchomoe moja. Hivyo mdomo wa soksi utavutika bila kukata mguu. Usitie lastiki. Gawanya vitanzi 16 kwa kila sindano, fuma kwa kuzunguka, viwili vya kawaida na viwili vya kinyume, mpaka urefu wa sentimita 12 au 15. Soksi iishie chini ya shavu la mguu. Ile inayofika gotini huwa inabana, na soksi za kubana huvaliwa kwa amri ya daktari tu.

Kisigino ndicho huwashinda wengi, na ukikielewa mara moja hutakisahau. Chukua nusu ya vitanzi, yaani 32, uvifume kwenda na kurudi mistari 32, ukihamisha kitanzi cha kwanza cha kila mstari bila kukifuma. Kisha kunja kisigino: fuma 18, unganisha viwili, fuma kimoja, geuza. Hamisha kimoja, fuma vitano kinyume, unganisha viwili, fuma kimoja, geuza. Utaona pengo dogo pale ulipogeuzia. Endelea hivyo, kila mara ukifuma mpaka kitanzi kinachotangulia pengo, uunganishe kitanzi hicho na cha ng'ambo ya pengo, ufume kimoja, ugeuze. Vitabaki 18. Okota 16 ubavu mmoja na 16 ubavu wa pili, ukijumlisha na vile 32 vya juu ya mguu una 82. Punguza viwili kila baada ya mzunguko mmoja, kimoja kila upande, mpaka urudi 64.

Sehemu ya wayo ifumwe laini, bila urembo. Maua na michirizi ya rangi huacha nyuzi zinazoning'inia upande wa ndani, na kucha hunaswa humo. Usifunge fundo popote. Uzi ukiisha, ungia mwingine kule juu ya kifundo cha mguu kwa kufuma nyuzi mbili pamoja vitanzi sita. (Kanuni hiyo ifuate pia ukimfumia mtoto mchanga soksi au glavu. Uzi ulioning'inia ndani waweza kujizungusha kwenye kidole chake na kuzuia damu.)

Zikibaki sentimita 5 kufikia ncha ya kidole kirefu, anza kupunguza vinne kila baada ya mzunguko mmoja. Usimalizie kwa ncha kali. Acha vitanzi 24, kumi na viwili juu na kumi na viwili chini. Hapo usishone kwa mshono wa kawaida wenye tuta. Tumia sindano butu na uzi uleule, uvipitishe vitanzi vya juu na vya chini kimoja kimoja kana kwamba unafuma mstari mmoja zaidi. Pitisha kidole ndani. Ukihisi tuta, fumua urudie. Soksi za dukani zenye tuta hilo hushauriwa zivaliwe ndani nje.

Mvishe mzee, mwache nayo kwa saa moja, kisha uivue. Ukiona alama ya kubonyea kwenye ngozi, inabana. Jaribu pia kiatu chake, maana soksi nene hugeuza kiatu kilichotosha kikawa cha kufinya. Panatakiwa nafasi ya sentimita 1 hadi 2 mbele ya kidole kirefu akiwa amesimama.

Mzee akikuambia miguu yake ni baridi hata ndani ya soksi, au anahisi kama anakanyaga pamba, usiongeze soksi ya pili. Mpeleke kliniki apimwe hisia za nyayo na mapigo ya damu mguuni. Asiiote miguu kwenye jiko wala kuilaza juu ya chupa ya maji moto, kwa sababu ataungua asijue.

Mfumie jozi tatu, kwa kuwa soksi hubadilishwa kila siku. Kila anapovua, akague nyayo na katikati ya vidole, au amwombe mjukuu amtazamie, na akiona lengelenge au kidonda aende hospitali bila kungoja. Soksi yenyewe ikitoboka usiitie kiraka, maana kiraka kina tuta. Soksi uliyoanzia juu hufumuka kuanzia vidoleni: fumua mpaka upite tundu, okota vitanzi vyako, ufume upya kwa uzi uliobaki.