Riwaya Moja, Macho Kumi
Maswali na majibu kuhusu kujadili vitabu kwa simu

Soko la Gakoromone mjini Meru si mahali pa kukaa duara na kusoma. Kuna mikungu ya ndizi, marobota ya mitumba, mikokoteni, na makanga wanaoita abiria. Hata hivyo, kati ya mteja na mteja, kuna wauzaji wanaofungua riwaya, na jioni wanaijadili kwenye kikundi cha WhatsApp. Mwandishi wa safu hii, mwalimu wa fasihi anayesimamia kikundi kimoja cha namna hiyo, anajibu maswali ya wanaotaka kuanzisha chao.

Mwalimu, kusoma ni jambo la mtu na kitabu chake. Mnapata raha gani kujaza simu maneno kuhusu watu ambao hawajawahi kuishi?

Raha ya kugundua kwamba mwenzako ameona usichokiona, na kurasa ni zilezile. Chukua *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili, na tafsiri ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel. Mwanzoni, tajiri Aziz huja kula kwa kina Yusuf, na akiondoka humwachia mtoto huyo sarafu. Wengi wetu tulisoma hapo tukaona ukarimu, tukapita. Dada mmoja anayeuza mboga kwa jumla akatuma ujumbe wa sauti: "Tangu lini tajiri akatoa pesa bila kuandika mahali?" Usiku huo kila mtu alirudi kurasa za mwanzo.

Siku chache baadaye tukafika pale Yusuf anapochukuliwa kwa sababu ya deni la babake. Hakuna aliyemwambia dada yule kwamba alibahatisha.

Kwa nini mtandaoni? Sisi sote tuko Meru, tunaweza kukutana Jumapili.

Mkiweza kukutana, kutaneni. Lakini muuza ndizi huamka alfajiri, mwenye kibanda cha chakula hufunga usiku, na Jumapili ina kanisa, mazishi na harambee. Simu haidai wote wawe huru wakati mmoja. Mmoja anaandika saa kumi na moja asubuhi, mwingine anamjibu saa tatu usiku, na mjadala unaendelea.

Faida nyingine ni muda wa kufikiri. Katika mkutano, mwenye sauti kubwa ndiye anayesikika. Kwenye simu, mtu mkimya anaandika, anafuta, anaandika tena, kisha anatuma sentensi mbili zinazonyamazisha kikundi kizima. Isitoshe, aliyehamia Nairobi, Mombasa au Doha kwa kazi anabaki ndani. Wakati wa karantini ya mwaka 2020, mwandishi Zukiswa Wanner alianzisha tamasha la Afrolit Sans Frontières, waandishi wakawa wanazungumza na wasomaji moja kwa moja kupitia Instagram na Facebook. Wengi walijionea hapo kwamba mazungumzo ya vitabu hayahitaji ukumbi.

Tuanze na kitabu gani?

Anzeni na kifupi chenye migawanyo iliyo wazi. Mimi hupendekeza *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Karama, mhusika mkuu, anashtakiwa mbele ya baraza kwa kueneza elimu ya sheria, na katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na mema, wakaadhibiwa. Wajumbe sita, wiki sita. Hakuna anayelemewa.

Kwa watu wa Meru kitabu hiki kina mvuto wa pekee. Tumekua tukisikia habari za Njuri Ncheke, baraza la wazee lenye makao Nchiru, kwa hiyo swali la nani anastahili kusema mbele ya baraza, na nani anamhukumu nani, tunalijua kwa karibu. Mwaga swali hilo kikundini uone kama kuna atakayelala mapema.

Baada ya hapo nendeni *Peponi*. Nayo ina sehemu sita, na katika moja Yusuf anaachwa kwa mfanyabiashara katika mji ulio chini ya mlima. Sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Mlima Kenya tutakuwa na la kusema.

Vitabu ni ghali. Kuna ubaya gani mmoja akinunua, kisha akapiga picha kurasa na kutusambazia?

Ni wizi, ndugu yangu, hata ukifanywa kwa nia njema. Riwaya za Kiswahili haziuzwi kwa wingi kama vitabu vya mtihani, na kila nakala ya bure inampunguzia mwandishi na mchapishaji sababu ya kutoa nyingine. Njia halali zipo. Kuna maktaba ya umma hapa Meru. Wauza vitabu wa Nairobi hupokea malipo kwa M-Pesa na kutuma kifurushi kwa matatu. Watu watatu wanaweza kuchanga wakanunua nakala moja na kupokezana, ilimradi wapange nani anasoma lini.

Kuna mtu kwetu anasoma haraka, kisha anatuambia mwisho. Tumfanyeje?

Msimfukuze, mpeni mipaka. Kila Jumatatu msimamizi atangaze sura zinazojadiliwa wiki hiyo, na lililo mbele ya hapo lisitajwe. Akikosea mara moja, afute ujumbe. Akirudia, akae bila kuandika hadi wiki iishe. Hiyo adhabu inawauma wasomaji wa mbio kuliko faini. Mimi mwenyewe sitawaambia Yusuf anaishia wapi, ingawa ukurasa huo wa mwisho ulitugombanisha kwa muda mrefu.

Mijadala yetu hugeuka matusi, au kila mtu anaandika "ni kweli" na kunyamaza. Tunakosea wapi?

Mara nyingi kosa liko katika swali. Ukiuliza, "Mmeonaje kitabu?" utajibiwa, "Kizuri." Uliza jambo lenye pande mbili. Kwa mfano: Khalil, kijana anayefanya kazi na Yusuf dukani kwa Aziz, anamwambia bila kupepesa kwamba tajiri huyo si jamaa yake na asimwite hivyo. Je, huo ni ukatili au ni wema? Kisha wekeni sharti moja: anayedai jambo ataje ukurasa. Ukurasa huwapoza wenye hasira, kwa sababu wote wanalazimika kurudi kutazama kilichoandikwa badala ya kutazamana wao kwa wao. Ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili. Siasa na matangazo ya biashara viende kwingine.

Je, riwaya zenye mambo ya aibu? Kikundini kuna shemeji zangu.

*Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Inamhusu binti anayelelewa kwa viboko na woga, kisha anaangamia akiwa mbali na macho ya babake. Ukiiogopa, unaacha mojawapo ya riwaya zinazowahusu zaidi wazazi wa leo. Heshima inalindwa kwa namna ya kusema. Mjadili wahusika, msitaje watu wa mtaani. Asiyetaka kuchangia wiki hiyo asome tu. Mara nyingi shemeji unayemwogopa ndiye mwenye hoja nzito zaidi juu ya Zakaria, babake Rosa.

Mimi niliishia darasa la nane, nauza ndizi. Nitawaambia nini walimu walio humo?

Mama, utawaambia wasichokijua. Tulipojadili *Peponi*, mwanafunzi wa chuo aliandika kikundini kwamba babake Yusuf ni mwoga tu. Muuza ndizi akamjibu kwa kueleza jinsi deni dogo linavyokua: unakopa mzigo, mvua inaharibu barabara, ndizi zinaiva zote siku moja, unakopa tena kulipa la kwanza, na kufikia hapo mwenye kukudai ndiye anayepanga maisha yako. Hakutumia istilahi hata moja ya fasihi. Baada yake hatukuweza tena kumsoma baba yule kama tulivyomsoma mwanzo, ingawa hakuna aliyemsamehe.

Kwa hiyo usingoje ualikwe. Tafuta wasomaji watano au sita, kubalianeni kitabu kimoja, tangazeni sura za wiki ya kwanza, na ulete swali lako hata kama unadhani ni dogo. Yamkini ndilo wenzako wote walilipita bila kuliona.