Somo la Pomboo kwa Watoto Wetu

Mwalimu mmoja wa watoto wadogo aliyeko Kiambere, katika nchi ya Embu, ametuuliza: nitawasomeshaje watoto kumwonea huruma pomboo, nao hawajaiona bahari hata siku moja? Suali hili ni jema, na jawabu yake yatufaa sisi watu wa pwani zaidi kuliko yeye.

Kwanza, mtoto afunzwe pomboo ni nani. Wengi wetu humwita samaki, nasi twakosea. Samaki huvuta pumzi majini kwa matamvua. Pomboo ana mapafu kama sisi, na tundu ya kuvutia hewa iko juu ya kichwa chake. Huzaa mtoto mmoja, baada ya mimba ya kiasi cha mwaka, na humnyonyesha. Hata akilala, nusu ya ubongo wake hubaki macho ili apate kupanda juu kupumua. Mwambie mtoto azuie pumzi kidogo, kisha aiachie. Papo hapo atafahamu kwa nini pomboo akinaswa katika jarife hufa, hali yumo katika maji yale yale aliyozaliwa.

Pili, asimuliwe khabari za Kizimkazi, kusini ya Unguja, penye msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra (1107). Huko wavuvi walikuwa wakiwaua pomboo wakifanya nyama yao chambo cha papa. Katika miaka ya 1990 wageni wakaanza kuja kuwatazama, na watu wakaona kuwa pomboo aliye hai naye huleta riziki. Lakini ikazuka dhara nyingine: mashua nyingi kuwaandama mpaka wasipate kupumzika wala kunyonyesha. Basi hapo, na hata Kisite karibu na Shimoni, penye hifadhi ya bahari tangu mwaka 1973, adabu ni moja: punguza mwendo, usimkatie njia, usiingie baina ya mama na mtoto. Mtume wetu (S.A.W.) alipomwona ndege akihangaika kwa kuchukuliwa makinda yake, aliamrisha arejeshewe. Kisa hiki mtoto hakisahau.

Tatu, mtoto wa Kiambere asidhani kuwa bahari haimhusu. Maji ya mto wa Tana yakishatoka bwawa la Kiambere, la mwisho katika mabwawa matano makubwa ya umeme ya mto huo, hupita Garissa, Hola na Garsen, yakaingia baharini Kipini. Taka zitupwazo mtoni zaweza kufuata njia hiyo, na kasa humeza mfuko wa plastiki akidhani ni yavuyavu. Kenya ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, lakini chupa na nyavu mbovu zingali zikitupwa.

Nasi je? Mtoto akisomeshwa asubuhi kuwa viumbe ni amana, na jioni akamwona babake akiacha kipande cha wavu kielee baharini, atafuata lipi? Hapana shaka atafuata aliloliona.

Kwa hivyo, ndugu zangu, wachukueni watoto ufuoni maji yakitoka. Okoteni pamoja nao vipande vya nyavu na plastiki, mvipeleke jaani. Mkimwona pomboo akipanda juu kuvuta pumzi, nyamazeni mumtazame. Hilo ndilo somo, nalo lianze na mikono yetu.