Manjano: Kinga ya seli inapogeuka moto

Manjano hayakosekani jikoni kwa Mwislamu wa mjini, hasa siku ya biriani. Lakini hapa Kakola, mji uliokua ubavuni mwa mgodi wa Bulyanhulu, yanauzwa pia kama vidonge, na mnunuzi huambiwa kuwa yatamsafishia vumbi kifuani na zebaki mwilini. Vijana wa darsa yangu ya baada ya Isha, ambao wengi wao hushinda kwenye maduara na makarasha, wameniuliza mara kwa mara kama madai hayo ni ya kweli. Wengine huongeza kuwa ni dawa ya Sunna. Habasoda na asali zina hadithi zake. Manjano yasipandishwe mgongoni mwao ili yauzike.

Tuanze na seli. Mwili hutumia oksijeni kupata nguvu, na katika kazi hiyo huzalisha mabaki makali yaitwayo radikali huru. Mabaki hayo yakizidi, huiharibu seli kama kutu inavyokula bati: hutoboa utando wake, huharibu protini na hukata DNA. Kinachoyazima huitwa antioksidanti. Mwili una za kwake, mojawapo ni glutathioni, na nyingine huzipata kwenye chakula.

Rangi ya manjano inatokana na kemikali iitwayo kurkumini, iliyotenganishwa mwaka 1815 na wanakemia Vogel na Pelletier. Katika maabara, kurkumini kidogo huzima radikali huru. Tena hufanya jambo jingine, ambalo kwangu mimi ndilo la ajabu zaidi: huisumbua seli kidogo, nayo seli ikishtuka hutengeneza glutathioni zaidi. Ni mfano wa sungusungu, waliochipuka huku kwetu miaka ya 1980. Mwizi mmoja akionekana, filimbi inapigwa na kijiji kizima kinaamka.

Kiasi kikizidi, kemikali hiyo hiyo hugeuka. Inakuwa prooksidanti, yaani inazalisha radikali huru badala ya kuzizima. Ikikutana na shaba, ambayo kila mwili unayo kidogo, huipa elektroni. Shaba nayo huipitisha kwa oksijeni, na matokeo yake ni radikali zinazokata DNA. Seli ikielemewa hufa. Watafiti wa saratani wanalitamani jambo hili, kwa kuwa seli nyingi za saratani zina shaba kuliko seli nzima. Lakini kuua seli kwenye kisahani cha maabara siyo kumponya mgonjwa. Wanakemia wa dawa waliopitia tafiti za kurkumini mwaka 2017 walisema hakuna hata jaribio moja la kulinganisha na dawa bandia, lililofanywa kwa siri pande zote mbili, ambalo lilikuwa limefaulu.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Kijiko cha chai cha manjano ni kama gramu 3, na kurkumini ndani yake ni takriban asilimia 3, yaani miligramu 90 hivi. Hicho kijiko kinagawanywa katika sufuria ya familia nzima. Kidonge cha miligramu 500 chenye kurkumini asilimia 95 kina miligramu 475. Kidonge kimoja ni vijiko vitano! Kamati ya pamoja ya FAO na WHO imeweka kiwango cha kila siku kisichozidi miligramu 3 kwa kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 180.

Atatokea mtu aseme: wapo waliomeza gramu 8 kwa siku katika majaribio na hawakudhurika. Ni kweli, na sababu mojawapo ni kwamba utumbo hupokea kidogo sana, nyingine hutoka na choo. Ndiyo maana watengenezaji huchanganya na pilipili manga. Utafiti wa Bangalore, India, mwaka 1998 ulionyesha kuwa piperini ya pilipili manga huongeza kurkumini inayofika kwenye damu kwa mara 20 hivi. Mwaka 2019 Italia ilichunguza wagonjwa kadhaa wa homa ya ini waliokuwa wametumia vidonge vya manjano. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye mawe ya nyongo, na anayetibiwa saratani pale Bugando, amwambie daktari wake kabla ya kumeza.

Tena kuna somo la Finland. Mwaka 1994 yalitolewa matokeo ya jaribio la wavuta sigara 29,133. Waliopewa beta-karotini, ambayo nayo ilisifiwa kama antioksidanti, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao kwa asilimia 18. Mapafu yaliyokwisha kuumizwa hayakulindwa na kidonge.

Turudi kwenye duara. Vumbi la mwamba wa dhahabu lina silika. Punje zake hukaa ndani kabisa ya mapafu, seli za ulinzi huzimeza zikafa, na panabaki kovu. Kovu hilo halifutwi na manjano, wala na maziwa ambayo vijana hunywa wakitoka shimoni. Aliyepata silikosisi yuko karibu zaidi na kifua kikuu, na kikohozi kikipita wiki mbili apimwe makohozi. Zebaki nayo hung'ang'ania glutathioni na kuimaliza, lakini kuipa seli ulinzi siyo kuitoa zebaki. Kazi hiyo ina dawa zake maalumu, na hutolewa hospitali baada ya kupimwa mkojo au damu.

Mvuke wa zebaki hauonekani, na anayechomea dhahabu ndani ya nyumba huwavutisha mkewe na watoto pia. Chombo cha kuchomea kilichofungwa, chenye bomba la kuupoza mvuke, huirudisha zebaki kwenye maji ikatumika tena. Kwenye karasha, maji yanyunyizwe ili vumbi lisipae, na barakoa iwe ile ya kuzuia vumbi laini, siyo kitambaa.