Mkate Chini ya Mretemu

JUMATANO

Soma 1 Wafalme 19:4–8. Eliya alipewa nini kabla Mungu hajasema naye huko Horebu?

Eliya alikuwa amechoka hata akaomba afe. Hakukemewa kwa upungufu wa imani. Alipewa mkate na maji, akalala, akapewa tena. Mazungumzo yalifuata baadaye, alipokuwa na nguvu ya kusikiliza.

Utaratibu huo ufuatwe pia kanisani mshiriki anapopatwa na ugonjwa wa ulaji. Aina tatu zinajulikana zaidi. Mwenye anoreksia hujinyima chakula na kuogopa kunenepa, hata akiwa amekonda sana. Mwenye bulimia hula kingi kwa muda mfupi, kisha hujitapisha au hutumia dawa za kuharisha; mara nyingi uzito wake ni wa kawaida, hivyo hakuna anayemshuku. Mwenye ulaji wa kupindukia hula bila kuweza kujizuia, hujawa na aibu, lakini hajitapishi. Magonjwa haya huwapata wanawake na wanaume pia.

Wengi hudhani kwamba mgonjwa akiamua tu, atapona. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, vijana 36 wenye afya, waliokataa kupigana vita kwa ajili ya dhamiri, walijitolea kupunguziwa chakula kwa muda wa miezi 6. Walianza kuwaza chakula kutwa, wakawa wepesi wa hasira, wakahuzunika na kujitenga. Hawakuwa wamepoteza imani. Njaa yenyewe ilivuruga fikra zao. Ndiyo maana ni vigumu mtu kunufaika na ushauri huku mwili wake ukiendelea kukosa chakula.

Kwa mwenye anoreksia, kazi ya kwanza ni kurudisha uzito. Aliyedhoofika sana hulishwa hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa daktari, kwa sababu chakula kingi cha ghafla kinaweza kushusha madini ya damu na kuudhuru moyo. Akiwa kijana, wazazi hufundishwa kusimamia milo yake nyumbani, njia iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London. Wenye bulimia na ulaji wa kupindukia husaidiwa na ushauri wa kisaikolojia unaorudisha milo ya saa maalumu na kurekebisha mawazo yanayowatesa. Pengine daktari huongeza dawa. Anayejitapisha mara kwa mara, akizimia au moyo ukienda mbio, apelekwe hospitali mara moja.

Maombi yaendelee, lakini mgonjwa huyu asishauriwe kufunga. Mfungo unaweza kuwa maficho ya ugonjwa, na hata kanuni za afya zinaweza kutumiwa kama kisingizio cha kukataa sahani baada ya sahani. Kanuni hizo zilitolewa ili mwili uishi.

Soma Marko 5:41–43. Binti wa Yairo alikuwa na miaka 12. Baada ya kumfufua, Yesu aliagiza apewe chakula. Aliyeweza kufufua wafu aliwaachia watu wa nyumbani kazi ya kuandaa mlo.

Maswali ya Kujadili

1. Ni maneno gani kuhusu unene na wembamba, yasemwayo kwa mzaha kanisani, yanayoweza kumdhuru mgonjwa?

2. Mzazi akimwona binti yake akikwepa kila mlo, darasa lako litamsaidiaje bila kumwaibisha?