MAMA UNAYECHUNGA WATOTO WA JIRANI: PANGA SIKU YAO

Hapa Pweto wamama wengi wanaenda shamba, ao wanashuka kwenye ziwa Moero kununua samaki, na watoto wadogo wanabaki kwa jirani. Kama jirani ni wewe, na kazi hii umeianza juzi, somo hili ni lako.

Labda unasema: "Miye nachunga tu. Kufundisha ni kazi ya mwalimu." Hapana, mama. Shule ya msingi inangoja miaka 6, lakini akili ya mtoto haingoji. Katika miaka 3 ya kwanza ubongo wake unakua mbio sana. Ndiyo sababu mwaka 2012 OMS na UNICEF walitoa mafundisho kwa watumishi wa afya, kusudi waonyeshe wazazi namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto. Chakula kinamkuza, na mchezo unamkuza vilevile.

1. KWANZA TENGENEZA LUPANGO

Kabla watoto hawajafika, weka mbabula mbali, funika kisima na ndoo za maji, ficha visu, dawa na petroli ya taa. Funga mlango wa lupango. Ziwa na mto Luvua viko karibu, na mtoto anazama kwa dakika chache bila kelele. Usimwachie mtoto mwenzake kazi ya kuchunga. Pokea tu hesabu ya watoto ambao macho yako yanaweza kufuata.

2. PANGA SIKU

Asubui: salimia kila mtoto kwa jina lake. Nawisheni mikono na sabuni, kisha imbeni.
Kabla jua halijawa kali: michezo ya kukimbia, kuruka, kutupa mpira wa vitambaa. Mtoto wa mwaka 1 mpaka 4 anahitaji karibu saa 3 za kutembea na kucheza kila siku, kidogo kidogo.
Muchana: chakula, hadisi fupi, usingizi.
Magaribi: michezo ya kutulia, mpaka mama zao warudi.

3. KILA UMRI NA MCHEZO WAKE

Miezi 6 mpaka mwaka 1: mpe kikombe na kijiko cha mti, agonge. Ficha kikombe chini ya kitambaa, akitafute. Akitoa sauti, umujibu.

Mwaka 1 mpaka 2: taja vitu. "Hii ni nini? Ni samaki. Samaki mbili!" Mtume: "Leta sahani." Akileta, umusifu.

Miaka 3 mpaka 5: achague chisense kubwa na ndogo, ahesabu vijiti, achore kwenye mchanga, aeleze hadisi uliyomwambia jana.

Zungumza luga anayosikia nyumbani, ikiwa Kibwile, Kizela, Kibemba ao Kiswahili. Lakini angalia: njugu, maharagi na mbegu za mahindi si michezo ya mtoto chini ya miaka 3. Zinaweza kumkaba koo.

4. MAMA MMOJA ANAULIZA

"Nikimfunga mgongoni siku yote, si ni vizuri? Anatulia."

Mgongo ni pahali pazuri, lakini si kwa siku yote. Mwaka 2019 OMS ilisema mtoto mdogo asifungwe pahali pamoja zaidi ya saa 1 mfululizo. Mtelemushe, atambae, ashike vitu, aanguke kidogo na asimame.

Tena, mtoto anayetulia si kila mara mtoto mzima. Kama hageuki unapomwita, ao hataki kucheza kabisa, mwambie mama yake amlete siku ya kupima kilo. Usingoje mwezi mwingine.

5. JIONI

Mama yake akifika, usiseme tu "Amekula." Mwambie: "Leo amesimama mwenyewe," ao "Leo amesema neno mupya." Naye ataendelesha somo nyumbani.

KUMBUKA: hauhitaji franga ya kununua vitu vya michezo. Unahitaji macho, kinywa na mpango.

MAULIZO
1. Ni hatari gani iko katika lupango yako leo?
2. Kesho asubui utacheza mchezo gani na mtoto wa mwaka 1? Na yule wa miaka 4?
3. Jioni utamwambia mama yake neno gani?