POVU LA BIA YA KEGI: SABABU YAKE NA DAWA YAKE

Mtu ashukaye basi la namba 46 huko Kawangware, Nairobi, wakati wa jioni ataona vilabu viuzavyo bia ya kegi. Biashara hii ilienea katika mitaa ya watu wa kipato kidogo tangu mwaka 2004, ilipotolewa bia ya Senator Keg, ili watu wapate kinywaji cha bei nafuu badala ya pombe haramu zenye sumu. Lakini wauzaji wengi wana shida moja: pipa likipata joto, kikombe hujaa povu.

Hasara yake si ndogo. Pipa la lita 50 hutoa vikombe 100 vya nusu lita. Sehemu moja katika tano ikipotea kwa povu, vikombe 20 vimemwagika, na pengine faida yote ya siku ilikuwa katika vikombe hivyo. Tena muuzaji akitoza bei ya bia kwa povu, amemdhulumu mnunuzi.

Sababu ni hii. Ndani ya bia mna hewa iitwayo kaboni dayoksaidi. Bia baridi huishika hewa hiyo, bali bia yenye joto huiachia. Kila mtu amekwisha kuona chupa ya soda iliyokaa juani na kutikiswa, jinsi inavyofoka ikifunguliwa. Tena Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Haiikandamizi bia sana, basi povu huzidi.

Wengi waonapo povu huifunga hewa ya mtungi, wakidhani kwamba nguvu imezidi. Hilo ni kosa. Kwa kitambo kidogo bia hutoka polepole, lakini baadaye povu huwa baya zaidi, maana hewa huanza kutoka katika bia ikiwa bado ndani ya pipa na mpira. Bia ya digrii 3 hutulia kwa nguvu ya pauni 12 hivi kwa inchi ya mraba. Bia iyo hiyo ikiwa na digrii 21 huhitaji karibu pauni 30. Basi dawa ya kweli ni kuipoza bia. Yafaa kufuata mambo haya:

1. Pipa lililoletwa kwa mkokoteni limetikiswa sana. Liweke kivulini, ulipumzishe kwa saa kadhaa kabla ya kulifungua.

2. Liweke ndani ya karai la maji na barafu. Barafu ikikosekana, lizungushie magunia yaliyoloweshwa maji, mahali penye upepo. Maji yakaukapo huondoa joto.

3. Upoze na mpira pia, maana bia iliyolala katika mpira wenye joto hutoka povu tupu.

4. Ikiwa bia haikupoa vya kutosha, tumia mpira mrefu na mwembamba, ili mwendo wa bia upungue bila kupunguza nguvu ya hewa. Usipite kamwe kipimo kilichowekwa na kiwanda.

5. Suuza kikombe kwa maji safi ya baridi, ukiinamishe, kisha ufungue bomba lote kwa mara moja. Bomba lililofunguliwa nusu huivuruga bia.

6. Safisha mpira na bomba mara kwa mara. Uchafu huzalisha povu, tena huharibu ladha.

Jihadhari: usiliweke pipa juani wala karibu na moto, wala usijaribu kulifungua kwa nguvu. Mtungi wa hewa usimame wima, umefungwa imara, katika chumba kipitishacho upepo. Hewa ile ikivuja ndani ya chumba kilichofungwa yaweza kuua mtu.

Muuzaji ashikaye mafunzo haya ataona povu kidogo juu ya kikombe, kama ipasavyo, na vikombe vingi zaidi katika kila pipa. Na mnunuzi atarudi kesho, kwa kuwa amepata kipimo cha haki.